Gumzo la Familia: Mkono wa Baba

*Rehema:* Jamani, Baba leo kafungua vifungo viwili vya shati. Mkono wa kulia, ule uliopooza kwa kiharusi, peke yake!! 🙌

*Shangazi:* Weee! Kaka yangu huyo 😭

*Juma:* Safi sana. Basi ule mpira wa kuminya niliomtumia umefanya kazi.

*Rehema:* Mpira uko kabatini, kaka. Muulize Salma.

*Juma:* Kabatini?!

*Salma:* Usinune 😂 Kufumba ngumi Baba Mkubwa anaweza, tena anabana kweli. Kinachomshinda ni kufumbua. Wengi waliopata kiharusi ndivyo walivyo. Kwa hiyo nampa glasi ya plastiki: kuishika si kazi, kazi ni kuiachia.

*Mama:* Na lile soksi ninalomvalisha mkononi je? Jirani kaniuliza kwa nini namfunga mgonjwa mkono mzima.

*Juma:* Mkono wote?

*Mama:* Mzima, yaani usio mgonjwa!

*Salma:* Hiyo ni tiba kabisa. Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, aliona kima waliokatwa hisia za mkono mmoja wanautelekeza, ingawa bado wangeweza kuusogeza. Akiwafunga ule mwingine, wanaanza kuutumia. Mwaka 2006 yakatoka matokeo ya watu 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi. Waliovalishwa glavu mkono mzima kwa wiki 2, karibu muda wote wakiwa macho, na kufanyishwa mazoezi makali, waliwapita waliopata huduma za kawaida. Baba ana miezi 5.

*Juma:* Basi kila mgonjwa avalishwe.

*Salma:* Hapana. Lazima kiganja na vidole viwe vinainuka japo kidogo. Na Mama, akitembea na fimbo livue, asije akaanguka akakosa pa kujishikia.

*Shangazi:* Mimi kila jioni namnyoosha vidole. Hayo si mazoezi?

*Salma:* Yanasaidia viungo visikakamae, Shangazi, endelea. Ila ubongo unajifunza pale anapojaribu yeye. Tena mara nyingi! Mwaka 2009 kuna watafiti walihesabu vipindi vya mazoezi, wakakuta mkono unafanyishwa kazi kama mara 32 tu kwa kipindi. Wanyama wa maabara walikuwa wakirudia mara mamia kwa siku.

*Rehema:* Sisi jana tumefika 210, kwa vibanio vya nguo. Mama ndiye karani, haibi hata kimoja.

*Mama:* Yeye ndiye anataka kuiba.

*Salma:* 😂😂 Lingine, na hili silifanyii mzaha: asivutwe mkono ule akiinuliwa kitandani. Misuli ya bega imelegea, linachomoka.

*Juma:* Mimi nilimvuta mwezi uliopita. Alilia.

*Salma:* Sasa umejua. Mshike kiunoni.

*Shangazi:* Kwa hiyo kesho nikija nisimfunge vifungo?

*Rehema:* Usimguse. Hata akichukua nusu saa.

*Shangazi:* Basi mimi nitakaa nje. Siwezi kumwangalia akihangaika.