Vifaru na ndege za daikasti: mpya, mtumba, mnada au za majarida?

Kifaru59 (Mwanza)
Wakuu, habari za jioni. Nakusanya modeli za daikasti, zile nzito za zinki ya kumimina kwenye kalibu. Nataka kabati langu liwe la vita vya Kagera tu: vifaru vya Type 59 vya JWTZ, T-55 na Sherman za Amin, ndege ya MiG-21, na Mungu akijalia lori la kurushia roketi la BM-21, Saba Saba yenyewe. Mama alikuwa hapa Mwanza mwaka 1979 ndege ya Gaddafi ilipokosa shabaha ikaenda kuua swala kisiwani Saanane, kwa hiyo habari hizi nimekua nazo.

Njia ninazoziona ni nne: mpya kutoka duka la mtandaoni, mtumba wa eBay, minada ya Uingereza, na vile vifaru vidogo vilivyokuwa vikitoka na majarida. Mfukoni nina laki mbili na nusu, mpaka mzigo ufike mlangoni. Mngekuwa ninyi mngeanzia wapi?

MzeeKalibu
Kijana, anza na majarida. Vifaru vya De Agostini na wachapishaji wenzao ni skeli 1:72, yaani vidogo mara 72 kuliko vya kweli, havina makeke, lakini watu waliwahi kulipia mfululizo mzima na sasa wanauza kwa mafungu ili wapate nafasi nyumbani. Fungu la sita au nane huwa nafuu kuliko kimoja kimoja, maana nauli unalipa mara moja. Usivyovitaka uza hapa hapa.

Type 59 usiitafute kwa jina, utazeeka. Ni nakala ya Kichina ya T-54A, kwa hiyo tafuta T-54. Angalia juu ya kichwa cha kifaru: T-54 ina kifuniko cha feni kama kiuyoga, T-55 haina. Wauzaji wengi wanazichanganya, na hapo ndipo bei nzuri hujificha. Mimi T-54 yangu niliipata imeandikwa "T-55, imevunjika antena". Antena nimeitengeneza kwa unywele wa brashi.

Bint_Leicester
Shikamoo Mzee. Naongezea kwa upande wa huku Uingereza. Minada kama Vectis ina vitu vizuri na maelezo yake ni ya kina, ila bei ya nyundo, ile unayoshindia mnadani, siyo bei utakayolipa. Kuna kamisheni ya mnunuzi, na VAT juu ya hiyo kamisheni, kisha ufungashaji na posta. Kwa kitu kimoja cha bei ndogo haikulipi. Kwa boksi lenye modeli kumi na tano zilizochanganywa, hapo sawa.

Mimi napenda maonyesho ya wanasesere na vigari, ya Sandown Park au NEC Birmingham. Asubuhi wanaenda wafanyabiashara na bei zao. Mimi naenda mchana, muuzaji ameshachoka, anaangalia mlango na begi lake. Nikishika viwili nikamuuliza "na hiki tunakiachaje?", mara nyingi cha tatu kinaingia bure.

Dalali_Tanga
Mtumba wa eBay ndio wenye bei za chini, lakini soma picha, usisome maneno. Nilishawahi kuuziwa kifaru cha Dinky, wale watengenezaji wa Uingereza, cha kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, "hali nzuri sana". Ilipofika, kifaru kilikuwa na nyufa kama matope ya mbuga wakati wa kiangazi. Nikakishika, gurudumu likabaki kidoleni. Ni ule ugonjwa wa zinki: ikichanganyika na madini ya risasi wakati wa kumimina, inavimba na kuoza kwa ndani, na hakuna gundi ya kuizuia. Muuzaji akasingizia posta.

Dinky za miaka ya 50, mfano Centurion namba 651, hazina sana shida hiyo. Kinachokufa ni minyororo ya mpira, na mingine mipya inauzwa.

Kifaru59
Na MiG-21? Ya kampuni ya Hobby Master naiona 1:72, rangi safi, lakini bei inanitoa jasho.

MzeeKalibu
Hiyo nunua mpya, usibahatishe. Ndege ya mtumba inakuja bila stendi, na kifuniko cha magurudumu kimepotea kwenye zulia la mtu. Agiza kabla haijatoka: zikishaisha dukani, bei inapanda.

Bint_Leicester
Ila kaka, piga hesabu ya forodha kwanza. Usisahau ushuru, halafu VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya thamani pamoja na ushuru wenyewe. Mimi nakuja Desemba, naweza kubeba kidogo. Tafadhali isiwe kwenye begi la mkononi! Mwaka juzi nilisimamishwa kwenye mashine, afisa akanyanyua kifaru cha mtu, akakizungusha kichwa mara mbili, akaita wenzake waje waone.

Kifaru59
Dada, Mungu akubariki. Basi MiG naiacha mwaka huu. Nimeona fungu la saba la 1:72, moja imeandikwa T-55, pauni 40 zote.

MzeeKalibu
Muombe picha ya juu ya kichwa kabla hujalipa. Kiuyoga kikionekana, usimwambie kitu.