Ontolojia ya mazao ya Dodoma: tuanze na maswali au na mti?

Fundi_Hombolo: Wakuu, tunatengeneza mfumo wa kumshauri mkulima apande nini na lini, na unahitaji ontolojia, yaani mpangilio wa dhana na uhusiano wake ambao kompyuta inaweza kuusoma. Mwenzangu kafungua Protégé, programu ya kutengenezea ontolojia, kaanza kuchora mti: Mmea, chini yake Nafaka, kisha Mtama, Uwele. Mimi nasema tuorodheshe kwanza maswali ambayo mfumo lazima uyajibu, kama watafiti Grüninger na Fox walivyoelekeza 1995. Mnasemaje?

Jembe_Butu: Maswali. "Mvua ikichelewa mpaka Januari, nipande nini?" Mti usiojibu hilo ni pambo la ukutani.

Mti_Kwanza: Mimi ndiye huyo mwenzake, asante kwa kunianika. Sijaanza kiholela, nafuata mwongozo wa kutengeneza ontolojia wa Noy na McGuinness, Chuo Kikuu cha Stanford, 2001. Nafaka zimekaa, na Mlenda nimeshauweka chini ya Mmea.

Jembe_Butu: Mwongozo huohuo hatua ya kwanza ni kuweka mipaka, na maswali yamo humo humo. Wewe ulianzia ukurasa wa ngapi?

Mama_Ilende: Ngoja kwanza. Mlenda ni mmea tangu lini? Mlenda ni mboga iko chunguni, inavutika. Mmea ni ilende.

Pwani_Tulivu: Mama, huku kwetu tunanunua fungu la mlenda likiwa majani mabichi.

Mama_Ilende: Basi njoo Soko la Majengo hapa Dodoma uombe mlenda. Utapimiwa majani makavu yaliyotwangwa, kwa kopo. Watu wa pwani mtufundishe nazi, mlenda tuachieni.

Mti_Kwanza: Kwa hiyo kuna jani bichi, unga mkavu na kitoweo, jina moja.

Jembe_Butu: Ndiyo maana watafiti Guarino na Welty wakaja na OntoClean, mbinu ya kukagua kama matawi ya mti yamepangwa sawa. Unauliza: nini kikipotea kitu hiki hakiwi tena hicho? Jani likikauka bado ni ilende. Kitoweo kikikauka, ni chungu cha kusugua.

Pwani_Tulivu: Kumbe hata bamia ni mlenda. Inavutika.

Mama_Ilende: Mdogo wangu, wewe hujalelewa.

Fundi_Hombolo: Jamani, mada ni mbinu. Tunaanza na maswali au mti?

Mti_Kwanza: Nimefuta Mlenda. Nimeweka Ilende kwenye Mmea, na Chakula nimelifungulia tawi lake.

Mama_Ilende: Na magadi umeyaweka wapi?

Pwani_Tulivu: Magadi ya nini tena? Sisi tunaweka nyanya.

Mama_Ilende: NYANYA?