Uliyewahi kuitwa msaliti ndani ya chama chako, tupeane uzoefu

Mtu wa Tawi
Habari zenu wakuu. Ya wakubwa tunayajua: Zitto kufukuzwa Chadema 2015, Membe kuvuliwa uanachama CCM Februari 2020 huku Kinana akipewa karipio, Halima Mdee na wenzake kumi na wanane kufukuzwa Chadema Novemba mwaka huohuo. Nataka tusikilizane sisi wa matawini.

Nilikuwa katibu wa tawi. Aliyeongoza kura za maoni kwenye kata yetu alikatwa jina, akapitishwa mshindi wa tatu. Nikauliza sababu ndani ya kikao halali. Wiki haikuisha, nikaletewa barua ya kujieleza. Barua niliijibu. Kilichoniuma ni wenzangu niliobandika nao mabango usiku kucha: walikata mawasiliano, na kwenye kundi la WhatsApp la tawi nikaondolewa kimyakimya. Tunaambiwa kila siku hoja zimalizwe kwenye vikao. Nimeimaliza humo, nikaitwa mamluki!

Binti Pangani
Pole sana kaka. Mimi nilikuwa diwani wa viti maalumu, chama tofauti na chako. Uliletwa ushuru mpya wa soko, akinamama wa dagaa wakanifuata nyumbani na risiti zao mkononi. Nikaupinga barazani. Jioni kiongozi wa wilaya akanipigia: "Kiti hicho ni cha chama, si chako." Na kweli, ukivuliwa uanachama udiwani nao umekwenda. Wabunge nao wamefungwa na ibara ya 71 ya Katiba, na mgombea binafsi hatuna. Kikao kilichofuata nilinyamaza. Wale akinamama wanalipa mpaka leo.

Mzee wa Kamati
Wanangu, nimekaa kamati ya maadili miaka mingi. Wapo waliouza mikakati ya kampeni kwa wapinzani. Hao tuliwafukuza, na ningewafukuza tena. Ila mafaili mengi yalikuwa ya makundi tu: fulani alimuunga mkono fulani, basi akatafutiwa kosa.

Mtu wa Tawi
Shikamoo mzee wangu. Hao wa makundi walisikilizwa kweli?

Mzee wa Kamati
Marahaba. Waliitwa, lakini wengine waliingia kujitetea uamuzi ukiwa umeshapitishwa pembeni. Wewe dai nakala ya muhtasari wa kikao ulichouliza, kisha kata rufaa ngazi ya juu kwa maandishi. Usiende kwa mdomo, watakuruka.