Pilipili za kijani za kuchoma: mbegu ipi, na moto upi? Gesi, oveni, mkaa au pipa

Chipukizi
Wadau, salaam. Nataka kupanda pilipili ndefu za kijani, zile za New Mexico, Marekani, zinazochomwa kisha zikamenywa ganda. Nafasi niliyo nayo inatosha ndoo sita za lita 20. Mbegu ninazochagua ni NuMex Big Jim, Sandia, Anaheim na poblano (ile pilipili pana ya Mexico). Upande wa moto kuna jiko la gesi, oveni yenye moto unaotokea juu (grili), na jiko la mkaa. Naomba ulinganisho: mbegu gani kwa moto gani, na watu hukosea wapi?

ShambaDogo
Karibu. Kabla ya ladha, angalia umbo la tunda, maana ndilo litakalokurahisishia au kukutesa jikoni. Pilipili ya kuchoma inatakiwa iwe imenyooka, ubavu bapa, mabega laini na nyama nene. Tunda likiwa na mikunjo, moto unaunguza migongo na kuacha mabonde mabichi, na humo ganda halitoki hata ukwangue na kisu.

Big Jim ndiyo ningeipa ndoo nne kati ya sita. Ilitolewa mwaka 1975 na Roy Nakayama wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico. Tunda lake linaweza kupita sentimita 30, nyama nene, inamenyeka vizuri. Kasoro zake ni mbili: mche huelemewa na uzito, kwa hiyo uwekee mti wa kuegemea mapema, halafu ukali hutofautiana hata kwa matunda ya mche mmoja, usishangae.

Sandia ni kali zaidi lakini nyama yake nyembamba. Ukizembea kidogo motoni, inachanika mkononi wakati wa kumenya. Mimi naona inafaa zaidi ikiachwa iive nyekundu na kukaushwa. Anaheim ni pole, nzuri kwa nyumba yenye watoto. Jina ni la mji wa California, ila asili ya mbegu ni New Mexico. Emilio Ortega ndiye aliyeihamishia California mwishoni mwa karne ya 19. Poblano ina ladha nzuri na inafaa kujazwa nyama au jibini, ila pale kwenye kikonyo ina shimo na mikunjo. Moto wa juu wa oveni haufiki humo.

KitaluChetu
Niongezee upande wa kulima, maana ganda lisilomenyeka mara nyingi limeanzia shambani.

Sia mbegu kwa kina cha nusu sentimita, udongo ukiwa na joto la nyuzi 27 hadi 30. Hapo zinaota kwa siku 7 hadi 14. Kwenye udongo wa nyuzi 18 zinaweza kukaa wiki tatu, nyingine zikaoza, na mtu akadhani kauziwa mbegu mbovu. Kama kwenu kuna baridi kali, sia wiki 8 kabla ya baridi ya mwisho. Hamisha mche ukiwa na majani halisi sita au zaidi, na usiku ukiwa haushuki chini ya nyuzi 13. Ndoo moja, mche mmoja. Toboa matundu ya kutosha chini ya ndoo. Maji yakituama, mizizi inashikwa na ukungu wa Phytophthora na mche unanyauka ghafla, matunda yakiwa bado yananing'inia.

Mboji iliyoiva isizidi theluthi ya udongo. Naitrojeni ikizidi utapata kichaka kizuri cha majani na maua ya kuhesabu.

Kubwa ambalo watu hulikosea ni kuoza kitako. Unaona doa la kahawia, kavu kama ngozi, kwenye ncha ya tunda. Wengi hukimbilia kumwaga chokaa. Mara nyingi kalsiamu imo udongoni tayari, shida ni kwamba husafiri na maji tu. Ndoo ikikauka leo na kufurika kesho, ncha ya tunda, iliyo mbali na mizizi kuliko sehemu zote, ndiyo inayokosa. Chomeka kidole sentimita tatu. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Siku za joto itakuwa kila siku. Tandaza nyasi kavu juu.

Maua yakidondoka, pima joto kabla ya kununua dawa. Mchana ukipita nyuzi 35, au usiku ukishuka chini ya 13, mche huyaacha wenyewe. Na usipunguze majani ili "jua liingie". Jua likilipata tunda uchi hulibabua, ukaona doa jeupe jembamba kama karatasi, na sehemu hiyo ni ya kukata na kutupa.

Kuvuna: tunda liwe limefikia urefu wake, linang'aa, na ukilibana ni gumu. Likibonyea kirahisi, liache. Tunda changa nyama yake haijajaa, ganda limeshikamana nayo, na hakuna moto utakaolitenganisha. Kata kwa mkasi, maana matawi ya pilipili huvunjika upesi.

KoleoMkononi
Sasa moto. Unachotafuta ni kubabua ganda, siyo kupika nyama. Ganda livimbe malengelenge kabla joto halijapenya ndani. Kwa hiyo moto mkali wa muda mfupi siku zote unaushinda moto wa wastani wa muda mrefu.

Kwa njia zote: osha, kausha kabisa kwa kitambaa (tone la maji linakula joto ambalo lingebabua ganda), kisha toboa tundu dogo karibu na kikonyo. Bila tundu, mvuke unaweza kulipasua tunda na kurusha mbegu za moto. Mafuta usipake, yanatoa moshi tu.

Gesi: moto mkubwa, tunda mojamoja au mawili, koleo mkononi, dakika 4 hadi 6. Sikiliza: ganda linatatarika, kisha linanyanyuka. Geuza pale tu upande ulio chini umejaa malengelenge yenye weusi. Hakuna njia inayokupa usimamizi kama hii, na ndiyo ya poblano, kwa sababu unaweza kuinamisha bega likaingia motoni. Ila zikizidi kumi, mkono unachoka na unaanza kulipua kazi.

Oveni, moto wa juu: waya uwe sentimita 10 kutoka kwenye moto, oveni ipate joto kwanza, matunda yasigusane. Dakika 4 hadi 6 kila upande. Kosa la kawaida ni kuyarundika. Yakirundikana yanapikana kwa mvuke, nyama inalegea na ganda linabaki limeganda. Kwa Big Jim iliyo bapa, hii ni njia nzuri sana. Oveni ya kawaida isiyo na moto wa juu iwe chaguo la mwisho, hata ukiiweka nyuzi 230.

Mkaa: subiri makaa yafunikwe jivu jeupe. Ukianza mapema, ndimi za moto zinaacha masizi machungu. Harufu ya moshi unayopata hapa, oveni haiwezi kukupa. Fanyia nje, mkaa ndani ya nyumba unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, inaua.

Pipa la wavu linalozungushwa juu ya vichomeo vya gesi, lile linaloonekana New Mexico kila Agosti na Septemba, ni la magunia. Ndoo sita hazilistahili.

ChumaMoto
Nakubali mengi, ila kikaango cha chuma kizito kimesahauliwa. Kikipashwa mpaka tone la maji liruke juu yake, kinababua ubavu bapa wa Anaheim kwa dakika 8 hadi 10 bila mafuta, ukiikandamiza kwa sufuria nzito. Kikaango chenye utando wa kutogandisha usikitumie, utando huo unaharibika kwa joto hilo. Poblano hapa usijaribu.

Chipukizi
Asanteni sana. Baada ya moto, nifunike kwenye mfuko wa plastiki au bakuli? Na ganda nimenye chini ya bomba?

KoleoMkononi
Bakuli lenye mfuniko. Plastiki nyembamba inayeyuka ikiguswa na pilipili iliyotoka motoni. Dakika 10 hadi 15 tu, zitoe jasho ganda liachie. Ukiziacha saa nzima zinaendelea kuiva, kijani kinageuka rangi ya zeituni na nyama inakuwa uji.

Bomba hapana. Ule utomvu wenye harufu ya moshi ndio ladha yenyewe, na maji yanaubeba wote. Lowesha vidole, menya kuanzia kwenye kikonyo kushuka. Ganda likitoka kama soksi, ujue ulichoma sawasawa. Vipande vidogo vyeusi vikibaki, viache. Vaa glavu. Ukali umejaa kwenye utando mweupe ulioshika mbegu, kwa hiyo ukitaka kupunguza, kwangua utando. Mikono ikiwaka, paka mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni, kwa sababu kapsaisini, kemikali inayoleta ukali, haiyeyuki kwenye maji.

KitaluChetu
Kama ni za kuhifadhi, usizimenye kabisa. Zipooze upesi, zisikae nje zaidi ya saa mbili, zipange bapa kwenye mifuko, toa hewa, weka kwenye friza na ganda lake. Zikiyeyuka, ganda linatoka kwa kidole kimoja. Kuzitia kwenye chupa ni suala jingine: pilipili zilizochomwa hazina asidi ya kutosha, na kuchemsha chupa kwenye sufuria ya kawaida hakuui vijidudu vya botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua. Zinahitaji mtungi wa presha uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Na zile zilizozamishwa kwenye mafuta zisikae juu ya kabati hata usiku mmoja.