Naomba ushauri: Mfuko wa fidia wa Septemba 11 hupimaje maumivu ya mgonjwa?
Ndugu wanajamii, salaam. Nazungumzia mfuko wa serikali ya Marekani unaowalipa walioumia au kuugua kutokana na mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Kaka yangu, ambaye mwaka 2001 alikuwa akifanya usafi katika majengo ya kusini mwa Manhattan, jijini New York, anaugua pumu ambayo imekwisha kuthibitishwa na mpango wa afya wa World Trade Center, yaani mpango wa serikali ya Marekani unaowahudumia waliougua kutokana na mashambulizi hayo. Ninafahamu kwamba sheria ya mwaka 2015 iliweka kikomo cha dola 250,000 kwa mateso yatokanayo na aina moja ya saratani na dola 90,000 kwa magonjwa mengine. Lakini kikomo si malipo, na hapo ndipo ninapokwama. Kwa mtu ambaye hakuwahi kulazwa, ila usiku hapati usingizi kwa kubanwa na kifua, ni nyaraka zipi zinazoonyesha uzito wa mateso hayo? Je, vipimo vya mapafu na maelezo ya daktari vinatosha, au tuambatanishe pia maelezo ya mkewe, anayekesha naye?