Kibao cha duka la gesi: "mitungi ya gesi" au "mitungi yenye gesi"?

Mama_wa_Kondele:
Wadau, naombeni ushauri. Nimefungua duka la gesi hapa Kondele, Kisumu, na mchoraji anakuja kesho. Nje nina vizimba viwili vya chuma, kimoja cha mitungi iliyojaa, kingine cha iliyoisha. Nilitaka aandike "MITUNGI YA GESI" na "MITUNGI MITUPU". Kijana wangu wa kidato cha tatu amekataa katakata, ati cha kwanza kiwe "YENYE GESI". Nimsikilize? Rangi ni ghali, sitaki kurudia.

Mwalimu_Mstaafu:
Msikilize, mama. "Mtungi wa gesi" ni aina ya mtungi. Hata ukiisha bado ni wa gesi, kama chupa ya soda inavyobaki ya soda watoto wakishaimaliza. "Wenye gesi" ni hali yake sasa hivi: imo ndani. Ila ufuate ngeli: mtungi wenye, mitungi yenye, chombo chenye, puto lenye. Kuna duka huku Nakuru limeandika "mitungi wenye", nikipita nageuza uso.

Boda_Nyamasaria:
Na tairi, mwalimu? Hewa si gesi?

Mwalimu_Mstaafu:
Ni gesi, lakini kwa fundi wa pancha tunajaza upepo. Ukimwambia "tairi lenye gesi" atakuangalia mara mbili.

Fundi_Jiko:
Mimi linaloniudhi ni "mitupu". Mama, mtungi ulioisha si mtupu. Moto ukizima jikoni, gesi ya majimaji ndiyo imekwisha, mvuke umebaki. Valvu ikivuja na jua likawaka, mvuke unatoka, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa unatambaa chini kwa chini hadi kwenye jiko la jirani anayekaanga samaki. Wakisoma "mitupu", wapakiaji wataitupatupa na kuilaza. Andika "ILIYOTUMIKA", kagua valvu, rudisha kizibo, isimame wima. Na uweke mizani! Uzito wa mtungi wenyewe umepigwa chapa kwenye chuma. Mteja wa kilo 6 aone uzito huo pamoja na kilo 6 zake.

Boda_Nyamasaria:
Hapo kwa mizani umenena. Wateja wangu hulalamika kila siku, na mimi ndiye hubeba lawama.

Mama_wa_Kondele:
Asanteni sana. Basi ni "YENYE GESI" na "ILIYOTUMIKA", na mizani nitaitafuta. Kijana ameshaanza kudai malipo.