Nimelipia nyota nne, nimepewa bomba tupu: nani anapima moshi wa magari tunayouziwa?

Wakuu, heshima kwenu. Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Miezi minne iliyopita nilinunua Toyota Vitz ya mwaka 2008 kwenye yadi moja hapa Dar es Salaam. Kilichonifanya nivuke bajeti yangu ni ile stika ya Kijapani iliyobandikwa kwenye kioo cha nyuma, yenye nyota nne. Muuzaji mwenyewe ndiye aliyenionyesha kwa kidole, akaniambia kwamba gari hili halina moshi na Wajapani wameshalithibitisha.

Stika ile si pambo. Nyota nne maana yake ni kwamba gari lilipotoka kiwandani lilikuwa limeshusha gesi zake chafu kwa asilimia 75 chini ya kikomo kilichowekwa Japani mwaka 2005, na nyota tatu maana yake ni asilimia 50. Hata pale stika ilipobanduliwa, alama ipo kwenye namba ya modeli ndani ya karatasi za gari: modeli inayoanza na DBA ni ile ya asilimia 75, na inayoanza na CBA ni ya asilimia 50. Yangu imeandikwa DBA. Kwa hiyo kwenye karatasi nina gari safi, na nimelilipia kama gari safi.

Wiki ya tatu macho yalianza kuniwasha kila nilipokwama kwenye foleni huku vioo viko wazi. Mwanangu ana pumu, na siku mbili mfululizo alifika shuleni akikohoa. Nikalipeleka gari kwa fundi ninayemwamini. Alilipandisha, akagonga kwa spana pale yanapokaa masega, yaani kisafisha moshi kinachokaa ndani ya kopo la chuma kwenye bomba la moshi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya debe lisilo na kitu. Akanisogezea tochi nione mwenyewe: kulikuwa na mshono wa kuchomelea uliopita urefu wote wa lile kopo la chuma, umepakwa rangi ya fedha ili usionekane. Kopo lilipasuliwa, masega yakatolewa, likafungwa tena. Kwenye sensa ya nyuma ya oksijeni walikuwa wamefunga kibomba kifupi cha kuisogeza mbali na moshi, ili kompyuta ya gari isitambue kwamba kuna kitu kimeondolewa na taa ya injini isiwake. Fundi alipokitoa kile kibomba, taa iliwaka baada ya siku mbili, na kifaa chake kikasoma P0420, yaani masega hayafanyi kazi. Yangefanyaje kazi wakati hayapo?

Kwa wasiofahamu, masega ndiyo yanayolipatia gari la petroli hizo nyota. Ni kauri yenye vitundu vidogo kama vya nyuki, iliyopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na humo ndani ndimo monoksidi ya kaboni, petroli isiyoungua na oksidi za nitrojeni hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi, maji na nitrojeni. Madini hayo ni ghali, na ndiyo maana kuna watu wanayanunua masega kwa kilo bila kuuliza yametoka kwenye gari la nani. Bei niliyotajiwa ya masega halisi mapya inazidi mshahara wangu wa mwezi.

Niliporudi yadi nikiwa na picha, nilijibiwa kwamba masega "yanaziba" na kwamba yakitolewa gari linapumua vizuri. Hilo naomba lisirudiwe hapa. Masega hayazibi yenyewe. Yakiziba au yakiyeyuka, mara nyingi ni kwa sababu injini inamisi au inakula oili, na dawa ni kuitengeneza injini. Wala nisiambiwe kwamba mafuta yetu hayafai, kwamba yana risasi na salfa za kuharibu masega. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi ilipofika Januari 2006, na dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa hadi sehemu 50 za salfa kwa milioni kuanzia Januari 2015. Kisingizio hicho kimekwisha muda wake.

Kinachoniumiza zaidi ni namna tunavyotozwa. Gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa linalipiwa ushuru wa uchakavu, na majirani zetu Kenya hawaruhusu kabisa liingie. Ninaelewa nia yake, lakini umri si moshi. Gari la miaka 12 lenye masega mazima linaweza kutoa hewa safi kuliko la miaka 6 lililopasuliwa, na mnunuzi wa lile la kwanza ndiye anayeadhibiwa. Mimi nililipia uchakavu ndani ya bei ya gari, nikalipia na nyota, kisha nikakuta kitu chenyewe kimeshauzwa na mtu mwingine.

Na si suala la yadi moja. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilitoa ripoti mwaka 2020 ikieleza kwamba magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi zaidi, takriban asilimia 40. Huko Japani gari hupelekwa ukaguzi miaka mitatu baada ya kununuliwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na moshi hupimwa. Likishavuka bahari, nyota zinabaki kwenye kioo na kwenye tangazo la muuzaji.

Ninachodai si kikubwa. Kila gari linalouzwa kwa kutajwa nyota, DBA au Euro 4 (kiwango cha moshi cha Ulaya) liwe na cheti cha kipimo cha moshi kilichochukuliwa hapa hapa nchini, siku ya mauzo, na muuzaji akitie sahihi. Ikigundulika masega hayapo, agharamie yeye. Yadi imekataa kunirudishia hata senti, na ninaandaa malalamiko rasmi pamoja na picha za ule mshono na maelezo ya fundi. Aliyewahi kufungua madai ya aina hii naomba anieleze alianzia wapi. Na mliochukua magari mwaka huu, lipandisheni gari kabla hamjamaliza malipo, mtazame lile kopo lote, juu na chini, kwa tochi.